Waliotuzimia RT hawakutuuliza

Mwanzoni mwa Machi 2022, wateja wa DStv waliofungua RT, televisheni ya kimataifa inayogharimiwa na serikali ya Urusi, hawakuikuta. Hakuna mamlaka ya utangazaji ya nchi yoyote ya Kiafrika iliyokuwa imetoa amri hiyo. Hapakuwa na kikao, wala malalamiko ya watazamaji, wala barua ya onyo. MultiChoice, kampuni ya DStv, ilieleza kwamba vikwazo vya Umoja wa Ulaya vimemfanya msambazaji wa matangazo ya RT aache kuyapeleka kwa wote waliokuwa wakiyapokea, MultiChoice ikiwa mmojawapo. Uamuzi uliofanywa Brussels kwa ajili ya raia wa Ulaya ukafika hadi kwenye sebule za Johannesburg, na mwenye sebule akajulishwa baadaye.

Siiombolezi RT. Nimeitazama vya kutosha kujua ilikuwa ikifanya kazi gani, na nitaieleza kazi hiyo bila kuipamba. Lakini naamini kwamba serikali haipaswi kufunga kituo cha habari, kiwe cha rafiki au cha adui, bila kuonyesha ni kipindi gani kilivunja sheria gani, na kuonyesha hivyo mbele ya chombo kisichopokea maagizo yake. Ulaya iliyafundisha masharti hayo dunia nzima. Siku ilipoyaweka kando, hata dhidi ya kituo kilichostahili kuadhibiwa, ilimpa kisingizio kila mtawala aliyekuwa akisubiri kisingizio. Sisi wa Afrika Mashariki watawala wa aina hiyo hatuhitaji kuelezwa, tunawafahamu.

RT ilianza kurusha matangazo Desemba 2005 ikiitwa Russia Today. Margarita Simonyan alikabidhiwa uhariri mkuu akiwa na umri wa miaka 25, na hajauachia tangu hapo. Mwaka 2007 ikaja idhaa ya Kiarabu, 2009 ya Kihispania, 2010 ikafunguliwa RT America, 2014 RT UK, na Desemba 2017 RT France. Kaulimbiu yake ilimhimiza mtazamaji ahoji zaidi, na watu wengi wa nchi za Kusini waliichukua kaulimbiu hiyo kwa uzito. Walikuwa na sababu. Waliona mwaka 2003 jinsi vyombo vikubwa vya Magharibi vilivyoipokea hadithi ya silaha za maangamizi za Iraq, na wakaona mwaka 2011 Libya ikivunjwa huku watazamaji wakiambiwa kwamba inaokolewa. RT iliwapa nafasi wanasiasa na wasomi wasioalikwa kwingine. Ilirusha vipindi vya Larry King. Habari zake za maandamano ya Occupy Wall Street ziliteuliwa kuwania tuzo ya Emmy ya kimataifa. Anayesema kwamba kila aliyeitazama alikuwa amepumbazwa anawavunjia heshima watu waliokuwa na hoja.

Tatizo ni kwamba kituo kilichomtaka mtazamaji ahoji kila serikali hakikuihoji hata siku moja kwa dhati serikali iliyokilipa. Simonyan mwenyewe aliliambia gazeti la Kommersant mwaka 2012 kwamba nchi yake inaihitaji RT kwa sababu ileile inayoifanya ihitaji wizara ya ulinzi. Kauli hiyo ilikuwa ya wazi kuliko zote alizowahi kuitolea kazi yake. Julai 17, 2014, ndege ya Malaysia Airlines namba MH17 ilitunguliwa mashariki mwa Ukraine na watu 298 wakafa. Mwandishi wa RT jijini London, Sara Firth, aliacha kazi kwa sababu ya jinsi kituo chake kilivyoitangaza habari ile, kikitafuta wa kumlaumu kabla ya miili kuokotwa. Miaka minane baadaye mahakama ya The Hague iliwatia hatiani watu watatu, wakiwa hawapo mahakamani, na ikathibitisha kwamba kombora lilikuwa aina ya Buk na lilirushwa kutoka eneo lililoshikwa na wapiganaji walioungwa mkono na Urusi. Liz Wahl wa RT America alikuwa ameshajiuzulu mbashara Machi ya mwaka ule, kwa sababu ya uvamizi wa Urusi huko Crimea.

Kisha ikaja Salisbury. Machi 2018 jasusi wa zamani wa Urusi, Sergei Skripal, na bintiye walipewa sumu ya neva katika mji huo wa Uingereza, na baadaye mama mmoja asiyehusika kwa lolote, Dawn Sturgess, akafa kwa sumu ileile. Polisi walipowataja wanaume wawili, Simonyan aliwaweka mbele ya kamera mwezi Septemba, nao wakasema walikwenda kama watalii kuona kanisa kuu lenye mnara wa mita 123. Mhariri mkuu wa kituo cha habari alikuwa na watuhumiwa mbele yake, na dunia nzima ikisubiri, akawaacha waondoke na hadithi hiyo. Oktoba 2022 mtangazaji wa RT kwa Kirusi, Anton Krasovsky, alisema kwenye kipindi chake kwamba watoto wa Ukraine waliowaona Warusi kama wavamizi walipaswa kuzamishwa mtoni. Simonyan alimsimamisha kazi, na alifanya vizuri. Hata hivyo mtu hafiki mahali pa kutamka maneno hayo studioni kwa siku moja. Alikuwa amelelewa na mazingira ya kazi yake.

Kwa hiyo sisemi RT ilionewa kwa kuitwa chombo cha propaganda. Nauliza ilipaswa kushughulikiwa vipi, na hapo Uingereza ilikuwa na jibu zuri kabla haijaja vita.

Ofcom, mamlaka ya mawasiliano ya Uingereza, inaitaka kila televisheni yenye leseni isiegemee upande mmoja katika masuala makubwa ya kisiasa. Vipindi saba vya RT vya Machi na Aprili 2018, kuhusu Salisbury na Syria, vilichunguzwa kimoja kimoja. Maneno yaliyotamkwa yakanakiliwa. RT ikaandikiwa, ikajibu, na majibu yake yakachapishwa pamoja na uamuzi. Julai 2019 ikatozwa faini ya pauni 200,000. Ikaenda Mahakama Kuu, ikashindwa Machi 2020, ikakata rufaa, ikashindwa tena mwaka 2021. Mtu yeyote anayetaka anaweza kusoma karatasi hizo na kuamua mwenyewe kama Ofcom ilitenda haki. Mimi naona ilitenda haki, na naona hivyo kwa sababu nimeonyeshwa ushahidi, si kwa sababu waziri fulani ameniambia niamini. Ufaransa nayo ilifanya jambo linalofanana na hilo: Juni 2018 mamlaka yake ya utangazaji iliionya RT France kwa habari ya Syria ambamo tafsiri ya sauti haikulingana na kilichosemwa na mhojiwa. Kosa lilitajwa, kipindi kikatajwa, na kituo kikaendelea na kazi kikijua kinatazamwa.

Utaratibu huo ni wa polepole, unachosha, na hauwaridhishi wanaotaka adui anyamazishwe leo. Ndiyo sababu ulikuwa na thamani.

Februari 24, 2022, Urusi ikaivamia Ukraine. Jumapili ya Februari 27, Ursula von der Leyen, rais wa Kamisheni ya Ulaya, alitangaza kwamba RT na Sputnik, chombo kingine cha habari cha serikali ya Urusi, zitapigwa marufuku. Machi 1 Baraza la Umoja wa Ulaya, yaani serikali za nchi wanachama, likapitisha kanuni, na siku iliyofuata ikaanza kazi. Haikuhusu televisheni peke yake: setilaiti, kebo, mitandao, programu za simu, vyote vilifungwa. Mamlaka za utangazaji zilizokuwa na leseni za vituo hivyo mikononi hazikuulizwa. Hata Uingereza, ambayo ilikuwa imeshatoka katika Umoja huo, iliiona RT ikitoweka kwenye skrini zake kabla Ofcom haijaamua lolote, kwa kuwa matangazo yalipitia setilaiti ya Luxembourg. Ofcom ilifuta leseni Machi 18, ikiwa na uchunguzi 29 uliokuwa haujakamilika. Naisikitikia sana tarehe hiyo. Chombo kilichokuwa kimejenga heshima yake kwa kusoma kipindi baada ya kipindi kiliamua kabla ya kumaliza kusoma.

RT France ilikwenda mahakamani. Julai 27, 2022, Mahakama ya Jumla ya Umoja wa Ulaya ilikataa madai yake. Majaji walisema hatua ile ilikuwa ya muda, ilichukuliwa katika hali ya dharura isiyo ya kawaida, na ililenga kuzuia propaganda ya vita, ambayo Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa unaikataza katika kifungu cha 20. Hoja hiyo ina uzito na siidharau. Vita ile si mjadala wa kitaaluma, miji inabomolewa na watu wanazikwa, na kituo kinachogharimiwa na serikali inayorusha makombora hakiwezi kudai kwamba ni gazeti la mtaani. Lakini neno "muda" limekuwa refu mno. Marufuku imeongezwa mara kwa mara, vituo vingine vya Urusi vikaingizwa kwenye orodha, na mpaka leo hakuna chombo huru kilichoketi kuonyesha kipindi kwa kipindi. RT France, iliyokuwa na wafanyakazi zaidi ya 100 waliofanya kazi kwa sheria za Ufaransa, ilifungwa Januari 2023 baada ya akaunti zake za benki kuzuiwa. Chama cha waandishi wa habari cha Uholanzi, NVJ, ambacho hakuna anayeweza kukiita rafiki wa Kremlin, kilijiunga na kampuni za intaneti kuipinga marufuku hiyo mahakamani. Waandishi wale walisema raia wa Ulaya ana haki ya kuiona propaganda kwa macho yake na kuihukumu. Nakubaliana nao.

Moscow ilikuwa na mpango wake, na haukuhitaji uchokozi wa mtu. Ujerumani ilipoizuia RT DE, idhaa ya Kijerumani, mwanzoni mwa Februari 2022, kwa kuwa ilitangaza bila leseni ya nchi hiyo, Urusi ilifunga ofisi ya Deutsche Welle siku iliyofuata. Mwezi Machi ikazima redio Ekho Moskvy na televisheni Dozhd, ikazuia tovuti za BBC, Deutsche Welle na Meduza, na ikapitisha sheria ya kifungo cha hadi miaka 15 kwa anayesambaza kile serikali inachokiita habari za uongo kuhusu jeshi. Hayo hayalingani na yaliyotendeka Brussels. Mwandishi wa RT France alipoteza ajira na mwandishi wa Kirusi aliyeiita vita kwa jina lake alihofia jela. Anayeyasawazisha mambo hayo mawili hasemi kweli.

Hata hivyo kisa cha Dozhd kina sura ya pili. Wafanyakazi wake walikimbia Urusi wakahamia Latvia, wakapewa leseni, wakaendelea kuipinga vita kutoka Riga. Desemba 2022 mtangazaji wao mmoja alitamka mbashara maneno yaliyosikika kana kwamba kituo kinasaidia kuwapatia mahitaji askari wa Urusi walioko vitani. Kituo kikaomba radhi na kumfukuza kazi. Latvia ikafuta leseni siku chache baadaye, ikisema usalama wa taifa uko hatarini. Televisheni huru ya Warusi, iliyofungwa na Putin kwa kuipinga vita, ikafungwa tena na nchi ya Umoja wa Ulaya. Ilibidi ikatafute leseni Uholanzi. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu: waliofurahia kufungwa kwa RT bila utaratibu walishtuka Dozhd ilipofungwa kwa haraka ileile.

Sasa turudi Afrika, ambako habari hii inaniuma zaidi. Katikati ya Machi 2022, wiki mbili baada ya kanuni ya Brussels, utawala wa kijeshi wa Mali ulisimamisha RFI na France 24, vituo vinavyomilikiwa na serikali ya Ufaransa. RFI ilikuwa imetangaza ushuhuda wa raia waliodai kuteswa na jeshi la Mali na wapiganaji wa Wagner, mamluki wa Urusi. Taarifa ya Bamako iliifananisha RFI na Radio Mille Collines ya Rwanda, redio ya mauaji ya kimbari ya 1994. Mwezi Aprili marufuku ikawa ya moja kwa moja. Burkina Faso ikaifunga RFI Desemba 2022 na France 24 Machi 2023. Niger ikavifunga vyote viwili Agosti 2023, siku chache baada ya mapinduzi. Paris ilipolalamika kwamba uhuru wa habari umevunjwa, ilisema kweli, lakini maofisa wa Bamako walikuwa na jibu tayari: nanyi mmefanya nini kwa RT? Jibu hilo si la haki, kwa sababu aliyenyamazishwa Mali alikuwa mwanakijiji mwenye makovu, wala si Simonyan. Ila ni jibu lililowatosha vijana wengi wa Sahel waliokuwa na sababu zao za kuichoka Ufaransa.

Ule mfano wa Mille Collines lazima tuujibu sisi, si Wafaransa, maana wafu wake ni jirani zetu na hukumu yake ilitolewa Arusha. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda ilianza kusikiliza kesi ya vyombo vya habari Oktoba 2000, ikawatia hatiani Ferdinand Nahimana, Jean-Bosco Barayagwiza na Hassan Ngeze Desemba 2003. Wawili wa kwanza walikuwa waanzilishi wa redio ile, wa tatu alikuwa mhariri wa gazeti la Kangura. Kanda zilichezwa mahakamani. Mashahidi walihojiwa na mawakili wa utetezi. Novemba 2007 majaji wa rufaa walifanya jambo ambalo wengi hawalikumbuki: walitenganisha matangazo ya kabla ya Aprili 6, 1994, na yaliyofuata. Ya kwanza yalijaa chuki, walisema, lakini haikuthibitishwa kwamba yalikuwa uchochezi wa moja kwa moja wa mauaji ya kimbari. Ya pili yalikuwa hivyo. Wakapunguza adhabu, na hakuna aliyeachiwa huru. Manusura wengi waliumizwa na hukumu hiyo ya rufaa, na maumivu yao nayaelewa. Lakini huo ndio uzito unaotakiwa mbele ya maneno yanayoua: kulipima kila tangazo, hata pale ambapo anayepimwa hastahili huruma ya mtu.

Kuna swali gumu ambalo anayeitetea Brussels ana haki ya kuniuliza. Hukumu ya 2003 ilikuja miaka tisa baada ya makaburi. Mwezi Mei 1994, mauaji yakiendelea, Pentagon iliombwa itume ndege ya kuyavuruga matangazo ya redio ile, ikakataa. Waraka wake ulitaja gharama ya takriban dola 8,500 kwa kila saa ya kuruka, na vikwazo vya sheria za kimataifa. Jenerali Roméo Dallaire, kamanda wa Umoja wa Mataifa Kigali, alikuwa akiomba redio hiyo inyamazishwe. Je, na mimi ningewaambia wasubiri kikao?

Hapana. Redio inayosoma majina ya watu na mahali walipojificha inazimwa saa hiyohiyo, na anayesita anashiriki katika mauaji. Pale ambapo kila saa ina maiti, zima kwanza. Lakini hata amri ya aina hiyo inaweza kuwa na muda wa kwisha, siku 30 tuseme, na jaji wa kuipitia kabla haijaongezwa. RT ya Machi 2022 haikuwa ikisoma majina ya watu wa Lyon wa kuuawa. Ilikuwa ikiwaambia watazamaji wachache wa Ulaya kwamba uvamizi si uvamizi. Huo ni uongo mkubwa wenye madhara, na Ulaya ilikuwa na sheria, fedha na waandishi wa kutosha kuukabili hadharani.

Kama mtu anataka kuona mashitaka yenye ushahidi, yapo. Septemba 2024 waendesha mashitaka wa Marekani waliwashitaki wafanyakazi wawili wa RT kwa kupitisha karibu dola milioni 10 kwa siri kwenda kwa kampuni ya Tennessee iliyowalipa watengeneza video mashuhuri, ambao wenyewe walisema hawakujua fedha zilikotoka. Hapo tunaambiwa nani alifanya nini, lini, kwa fedha kiasi gani, na washitakiwa wana haki ya kukanusha. Propaganda ya siri kama hiyo inanitisha kuliko kituo chenye nembo ya kijani kwenye king'amuzi. Ukiizima nembo, fedha zinatafuta mlango mwingine. RT ilipotolewa Ulaya ilielekeza nguvu zake huku kwetu: mwaka 2022 ilitangaza mpango wa kituo cha Kiingereza Johannesburg, na mwishoni mwa mwaka huo Afrique Média ya Cameroon ikaingia nayo ushirikiano. Habari iliyotayarishwa Moscow inapotoka kwa sauti ya mtangazaji wa nyumbani, mtazamaji hana alama ya kumwonya. Ningependelea mara kumi niione RT kwa jina lake.

Afrika Mashariki tuna rekodi yetu, na si nzuri. Oktoba 2014 Rwanda ilisimamisha idhaa ya Kinyarwanda ya BBC kwa sababu ya filamu kuhusu mauaji ya kimbari. Hasira ya manusura ilikuwa ya kweli, lakini filamu ile ilitengenezwa London kwa Kiingereza kwa ajili ya BBC Two, na walioadhibiwa ni watangazaji na wasikilizaji wa Kinyarwanda ambao hawakuwa na mkono ndani yake. Burundi ilizima BBC na VOA ya Marekani Mei 2018, karibu na kura ya maoni ya katiba, na Machi 2019 ikaifutia BBC leseni na kuwakataza waandishi wote, wenyeji na wageni, kuvipa vituo hivyo habari. BBC iliruhusiwa kurudi Machi 2022. Kenya ilizima Citizen, NTV na KTN Januari 30, 2018, siku kiongozi wa upinzani Raila Odinga alipojiapisha Uhuru Park, na Mahakama Kuu ilipoamuru vituo virudishwe hewani serikali ikachelewa kutii. Nchini Tanzania, Agosti 2020, Radio Free Africa iliitwa kujieleza na TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo, kwa kurusha mahojiano ya BBC Swahili na mwanasiasa wa upinzani Tundu Lissu, na mwaka huohuo kanuni zikavitaka vituo vya ndani vipate kibali kabla ya kujiunga na matangazo ya vituo vya nje.

Nimevitaja vituo hivi kwa sababu wasikilizaji wa Kiswahili wamelelewa na idhaa za serikali za watu wengine. BBC imetusemesha kwa lugha yetu tangu 1957, VOA tangu 1962, Deutsche Welle tangu 1963. Zimetupa mengi mema, hasa nyakati ambazo redio zetu za taifa zilisoma ratiba za viongozi tu. Lakini ziko mikononi mwa mabunge na marais tusiowachagua. Machi 2025 Rais Donald Trump alitia saini amri ya kuibana taasisi inayoisimamia VOA, wafanyakazi wakapelekwa likizo, na matangazo ya Kiswahili yakakatika. Bujumbura ilikuwa imejitahidi kuinyamazisha VOA ndani ya mipaka yake. Washington iliweza kuinyamazisha kwetu sote kwa kalamu moja, kwa kuwa ni mali yake.

Ndiyo maana naziomba mamlaka zetu, TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, UCC ya Uganda, RURA ya Rwanda na CNC ya Burundi, zikubaliane juu ya kanuni moja kwa vituo vyote vya serikali za nje. Mmiliki atajwe wazi kwenye skrini na kabla ya taarifa ya habari, iwe RT, CGTN ya China yenye kituo chake Nairobi, TRT ya Uturuki, Al Jazeera ya Qatar, France 24 au BBC. Kipindi cha kigeni kinachorushwa na kituo cha ndani kibebe jina la aliyekitengeneza. Malalamiko yasikilizwe hadharani, uamuzi uchapishwe pamoja na nakala ya maneno yaliyotamkwa na majibu ya kituo. Adhabu ianze na kipindi kabla ya kufika kwenye leseni. Amri ya dharura iwe na siku ya kwisha na ipitiwe na jaji. Na kampuni ya ving'amuzi inapoondoa chaneli kwa sababu ya vikwazo vya nchi nyingine, iwajulishe mamlaka na wateja kabla, na ieleze ni sheria ya nani inayoitii.

Wanaosema serikali zetu hazitakubali wana haki ya kuwa na shaka, lakini njia ya kuzilazimisha imeshapitiwa. Machi 28, 2019, Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, katika shauri ambalo Baraza la Habari Tanzania lilikuwa miongoni mwa walalamikaji, iliamua kwamba vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Miongoni mwa vifungu hivyo kilikuwamo kinachompa waziri uwezo wa kuzuia machapisho ya nje yasiingie nchini kwa uamuzi wake. Mahakama hiyo inakaa Arusha, na mkazi yeyote wa nchi mwanachama anaweza kuifungulia shauri ndani ya miezi miwili ya uamuzi anaoulalamikia. Haihitaji kituo cha televisheni kishitaki. Mtazamaji aliyezimiwa anatosha.